Kuutembea Mji Mkongwe Peke Yako

Vitabu vingi vya kuwaongoza wageni Zanzibar vimeandikiwa mtu asiyeweza kupiga hodi akaitikiwa. Ndiyo maana vinamkimbiza: nusu saa kwenye kanisa la Mkunazini, picha mbili za mlango, chakula Forodhani, kisha garini hadi ufukwe wa Nungwi. Wewe unayesoma haya unaijua lugha ya mji wenyewe, na hilo linaibadili safari nzima. Utauliza njia na utaelewa unavyojibiwa. Utakaa barazani na kusikia watu wakibishana juu ya siasa au penalti ya jana. Utaweza pia kuonekana huna adabu, kwa sababu mgeni asiyejua lugha husamehewa mengi ambayo wewe hutasamehewa.

Ushauri wangu ni huu: nenda peke yako, lala siku mbili humo humo mjini, na ufukwe uuache kwa safari nyingine. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havipitishi watu watatu sambamba. Kundi la wageni wanane likiingia Kajificheni, wenyeji hujibanza ukutani wakasubiri lipite, na hapo salamu haipo. Watu wawili nao huzungumza wao kwa wao. Anayetembea mmoja ndiye anayeulizwa anakotoka.

Kuvuka

Kutoka Dar es Salaam boti za kasi huchukua kama saa mbili. Kata tiketi dirishani kwa kampuni yenyewe au kwenye tovuti yake, na kama ni wikiendi au sikukuu, kata siku moja kabla. Nje ya geti la bandari utakutana na vijana waliovaa kama wafanyakazi wa boti, watakaokuambia nafasi zimekwisha ila wao wanazo mbili. Wapite. Jina la tiketi lifanane na la kitambulisho chako, na kitambulisho hicho kikae mfukoni safari nzima, kwa sababu kitakuhitajika bandarini, nyumba ya wageni, na kila mahali penye bei mbili, ya mgeni na ya Mtanzania. Tofauti ya bei hizo si ndogo, na hakuna atakayekukumbusha kuiulizia. Ukitokea nje ya Tanzania, beba pasipoti, na uulize mapema kuhusu bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, ujue kama inakuhusu.

Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hewa ni nzuri mno kwa kutembea lakini bahari hucheza. Kaa chini, katikati au nyuma ya boti, na usile chipsi mayai saa moja kabla. Disemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, bahari hutulia na mji huwaka joto, kwa hiyo saa za kutembea zinabaki za asubuhi na jioni. Masika ya Machi hadi Mei yana vyumba vya bei nafuu na vichochoro vinavyotiririka maji. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, na vyumba hupanda bei. Ramadhani usiikwepe, ila ijue: mchana migahawa mingi imefungwa na kula hadharani ni utovu wa adabu hata kama hufungi, lakini mji ule unaolala saa nne usiku miezi mingine, mwezi huo hukesha.

Pa kulala

Shangani ndiko kwenye hoteli nyingi za watalii. Ukitaka bei ya chini na majirani wa kweli, tafuta Malindi, Kiponda, Mkunazini au Vuga. Bei nyingi ni za chumba, yaani za watu wawili, hivyo taja tangu mwanzo kwamba uko mmoja, na uulize bei inapungua kiasi gani. Omba uone chumba kabla ya kulipa. Nyumba za zamani zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na vyumba vingine madirisha yake yanatazama ua tu, upepo hauingii. Ngazi ni za mwinuko mkali. Mwenye goti baya aombe ghorofa ya chini. Adhana ya alfajiri utaisikia hata ulale mtaa gani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta chumba isikofika.

Kama boti yako ya kwanza ni ya kufika usiku, siku hiyo lala karibu na barabara ya magari. Ndani ya vichochoro teksi haiingii, na kutafuta mlango usioujua ukiwa na begi gizani ni kazi ya kesho.

Kupotea kwa utaratibu

Kila mtu atakuambia Mji Mkongwe unapoteza. Ni kweli, na ni kweli kwa muda mfupi sana. Mji umekaa kwenye ncha ya ardhi yenye umbo kama la pembetatu: pande mbili ni bahari, upande wa tatu ni Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road. Ukishika upande mmoja ukaenda tu, ndani ya dakika kumi na tano utatokea penye maji au penye daladala. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu inaonekana kutoka paa lolote, ingawa kanisa lenyewe, ukiwa chini, linajificha hadi uligonge. Ramani ya simu, katikati ya kuta ndefu namna ile, huchanganyikiwa na kukuweka mtaa wa pili. Irudishe simu mfukoni pia kwa sababu nyingine: wapo wanaoipora wakiwa juu ya pikipiki, na hawamchagui mgeni kwa rangi.

Kwa hiyo alasiri ya kwanza usiwe na mpango. Toka saa kumi, jua likishapoa, ingia Hurumzi, pita Kiponda, shuka hadi Malindi, urudi kwa Barabara ya Mizingani ukiwa na bahari kuliani. Ukisikia kengele ya baiskeli, honi ya vespa au sauti ya hamali na gari lake la kusukuma, shika ukuta kwanza, kisha geuka utazame.

Tazama nyumba kabla ya milango. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu kuliko mti wenyewe, na hicho ndicho kipimo cha chumba: unaweza kukirefusha upendavyo, lakini upana wake hauzidi mita tatu na kitu. Ukishalijua hili utaelewa kwa nini karibu kila chumba utakachoingia ni kirefu na chembamba, cha tajiri na cha maskini. Chokaa nayo ina masharti. Inataka kupakwa upya kila baada ya muda, la sivyo mvua hupenya, boriti huoza, na nyumba huanguka kutoka ndani. Utakuta magofu mawili matatu yaliyoota miti kati ya nyumba zinazokaliwa. Baadhi ya nyumba hizi ni za wakfu, nyingine za serikali tangu Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wapangaji ni wengi na wa kutengeneza hajulikani. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa bahati mbaya heshima hiyo haipaki chokaa.

Sasa milango. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi na maandishi ya Qurani, ndiyo ya mtindo wa zamani wa Kiarabu. Iliyopinda juu kama nusu mwezi ilishika kasi zama za Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Mlango uliogawanywa vibao vya mraba mraba, wenye misumari mikubwa ya shaba, ni wa Kigujarati. Na wa vipande vingi vinavyokunjwa ni wa duka la Mhindi, alikuwa akiukunja asubuhi ukuta wote ukawa duka. Ubao wa katikati unaofunika panapokutana mbao mbili huitwa mfaa, na hapo ndipo fundi alipoonyesha ufundi wake. Usipige picha mlango ulio wazi. Huo si mlango tena, ni nyumba ya watu.

Salamu na papasi

Ukifika penye watu waliokaa barazani, salamu yako ni "Asalaam alaykum" au "hamjambo", na unaisema ukiwa unatembea polepole ili wapate kuitikia. Kwa mzee ni shikamoo, kisha unangoja marahaba, kisha ndipo unauliza njia. "Samahani, Ngome Kongwe ni wapi?" iliyorushwa bila salamu hujibiwa, ila kwa kidole tu. Mwanamume mzima mwite ami au sheikh, mwanamke mzima bi mkubwa au mama. "Mambo vipi" iwekee vijana.

Utaulizwa umekuja na nani. Kwa mwanamke swali hili huja mara kumi kwa siku, na mara tisa ni ukarimu: mtu peke yake ni mtu wa kuangaliwa asipate tabu. Mama wa duka la khanga mwambie ukweli. Kijana anayekufuata uchochoroni mwambie una wenyeji wako, na jina la nyumba uliyofikia usimtajie.

Hao wanaokufuata wanaitwa papasi. Ni vijana wanaoishi kwa kamisheni, wakimpeleka mgeni hotelini, dukani au kwenye boti ya kisiwa cha Changuu, na fungu lao limo ndani ya bei utakayolipa. Watakuanza kwa Kiingereza au Kitaliano. Ukijibu kwa Kiswahili, "Asante kaka, leo natembea mwenyewe," wengi hucheka na kukuacha. Usiwafokee, kwa maana mji ni mdogo na mtaonana tena saa moja baadaye. Papasi si sawa na mtembezaji wageni mwenye kibali, anayebeba kitambulisho. Huyu utamhitaji asubuhi ya pili. Mkubaliane bei, saa, na kama viingilio vimo au havimo, kabla ya hatua ya kwanza.

Mavazi nitayamaliza kwa sentensi moja: funika mabega na magoti, mke kwa mume, na mwanamke abebe mtandio mwepesi ambao utamfaa kwa jua, kwa upepo wa boti na kwa heshima.

Mkunazini

Kama utaingia mahali pamoja tu kwa tiketi, ingia hapa, tena asubuhi mapema kabla ya makundi kushuka kwenye mabasi. Kanisa Kuu la Kianglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Juni 1873 Sultan Barghash, akitishwa na manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko na kupiga marufuku usafirishaji wa watu baharini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo. Altare iko pale ambapo inasemekana palikuwa na mti wa kuchapia. Msalaba mmoja wa mbao uliomo ndani umechongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Aliyelisimamia jengo, Askofu Edward Steere, ndiye aliyekaa na watu wa Unguja akiandika hadithi zao na sarufi ya lugha yao miaka ya 1860 na 1870. Kiswahili cha kitabuni unachosoma hapa kimepitia mikononi mwake. Alifariki 1882 na kaburi lake limo humo kanisani.

Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mnyororo ni wa kweli, wa zama zile. Kisha utateremshwa kwenye vyumba viwili vya chini, chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni. Mtembezaji atakuambia watu walifungiwa humo wakingoja mnada. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Mimi naona ubishi huo usikuzuie kushuka, lakini pia usitoke ukidhani umeona yote. Maonyesho ya maandishi yaliyo jirani, ambayo makundi huyapita mbio, yana mengi kuliko vyumba. Yasome yote, uko peke yako, hakuna anayekungoja.

Na uondoke ukijua tarehe ya pili. 1873 lilifungwa soko. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Unguja na Pemba 1897, na masuria walibaki nje ya sheria hiyo hadi 1909. Kati ya miaka hiyo mashamba ya karafuu yaliendelea kuvunwa na watu wale wale.

Siku hiyo hiyo, ukiwa Shangani, uliza nyumba ya Tippu Tip. Si makumbusho, wanaishi watu, utaona mlango tu na huo unatosha. Hamed bin Muhammed el Murjebi alifia mjini hapa 1905, baada ya miaka mingi ya misafara ya pembe na watumwa hadi Manyema. Mwenye asili ya Kindu au Kisangani anayesoma Kiswahili leo ana sababu yake ya kusimama mbele ya mlango ule: misafara hiyo ndiyo iliyoibeba lugha hadi kwao. Murjebi mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu kingalipo. Ni sauti ya mfanyabiashara anayehesabu mizigo na bunduki. Kisome baada ya Mkunazini, usikisome kabla.

Mbele ya bahari

Majengo makubwa ya Mizingani yanatazamwa vizuri kwa nje, na usiweke matumaini ya kuingia yote. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na umeme wakati mji mzima unatumia taa za mafuta, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020, na ukarabati wake umechukua miaka. Kasri ya jirani nayo uliza hali yake siku hiyo hiyo. Ikiwa wazi, nenda moja kwa moja kwenye chumba cha Salme binti Said, bintimfalme aliyezaliwa 1844, akatoroka 1866 na kumfuata mfanyabiashara wa Kijerumani, kisha akaandika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886.

Simama kwenye bustani ya Forodhani ukiipa bahari mgongo, kisha fikiria asubuhi ya Agosti 27, 1896. Sultan wa wakati huo alikuwa amefariki siku mbili kabla na Khalid bin Barghash akajitawaza bila ridhaa ya Waingereza. Saa tatu asubuhi manowari zilizokuwa nyuma yako zikafyatua. Dakika arobaini hivi baadaye kasri ya Beit al-Hukm ilikuwa kifusi, mamia ya watu wamekufa au kujeruhiwa, na vita vimekwisha. Vibao vya watalii huisimulia asubuhi hiyo kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani.

Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kumtimua Mreno mwishoni mwa karne ya 17, ingia dakika kumi kwa ajili ya kivuli na ulizia ratiba ya jioni, maana matamasha hufanyikia ndani yake. Nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini hapa 1946, niachie mimi niipite. Kama unazipenda nyimbo zake utaingia hata nikikukataza.

Changuu, kisiwa cha kobe, ni hiari. Jela iliyojengwa huko 1893 haikupata kufunga mhalifu, ikageuzwa karantini. Tatizo la msafiri wa peke yake ni kwamba boti hulipiwa kwa chombo, si kwa kichwa. Iambie nyumba yako ya wageni jioni iliyotangulia ikuunganishe na wengine, na bei hugawanyika. Ziara za mashamba ya viungo ni vivyo hivyo.

Kula

Kula peke yako hapa si aibu wala si gharama. Mchana tafuta mgahawa wanaokula wafanyakazi wa ofisini na wa bandarini: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, maharage, pilipili pembeni. Utakaa meza moja na usiowajua. Chakula chako kikifika kwanza, waambie "karibuni". Watakujibu "starehe", na hapo mazungumzo yamefunguka bila mtu kuyalazimisha.

Urojo usile mara moja tu. Ule wa rangi ya manjano, wenye ukali wa embe mbichi, bajia, kachori, viazi, mishikaki na chipsi za muhogo juu, kila muuzaji ana wake, na wenyeji wana vita vya kudumu kuhusu nani anajua. Uliza watu watatu, utapata majina matatu, uyafuate yote.

Forodhani usiku ni pazuri kwa kukaa, kwa kula uwe na macho. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijaguswa na moto, kwa sababu pweza na kamba huhesabiwa mwishoni kwa sauti ya haraka. Chagua meza yenye wenyeji. Au fanya kama wao: juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mkate wa ufuta, mishikaki miwili, kisha ukae ukutani utazame vijana wakijirusha baharini. Mwanamke aliye peke yake atajiona yuko nyumbani hapa kuliko kwenye baraza za kahawa, kwa sababu familia nzima nzima huja na watoto wao.

Baraza za kahawa ni habari nyingine. Jaws Corner, njia panda ya Sokomuhogo, ndiyo maarufu zaidi: dele la kahawa chungu, vikombe vidogo, kashata, dhumna, na siasa zisizoisha. Mwanamume anaketi, anaagiza, anasikiliza. Ushauri wa bure: siku ya kwanza usitoe maoni juu ya Muungano. Mwanamke akiagiza kikombe akakaa pembeni hakuna atakayemfukuza, lakini atatazamwa, na ni juu yake kuamua kama kahawa ile inafaa macho yale. Naona inafaa.

Usiku wa mtu mmoja

Saa nne usiku vichochoro hunyamaza. Rudi kwa njia zenye taa na watu, hata kama ni ndefu, na umeme ukikatika uwe na tochi yako. Ufukwe wa Shangani baada ya magharibi si wa kwenda peke yako, mwanamke wala mwanamume.

Kama upo usiku wa taarab, usikose. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, na Culture Musical Club wana ukumbi wao Vuga. Ulizia mchana kama kuna mazoezi ya kusikiliza. Usiku mwingine baki na kitabu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi naiweka mbele ya kitabu chochote cha watalii, kwa kuwa utamfuata Yasmin kwenye njia ulizopita mchana huo huo, na utaelewa Ng'ambo, upande wa pili wa Barabara ya Benjamin Mkapa, ilikuwa nini kwa mtu wa Mji Mkongwe miaka ya kabla ya uhuru. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa mji huu aliyepata Nobeli mwaka 2021, naye unaweza kumsoma kwa Kiswahili: Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Vuka barabara

Asubuhi ya mwisho nenda Darajani, kwenye jengo la soko la 1904, wakati samaki bado wana macho yanayong'aa. Viungo nunua hapa, si kwenye vikapu vya mapambo vya Forodhani. Vile vimekaa juani kwa ajili ya picha. Noa pua: mdalasini usionukia mpaka uusugue umekwishakufa.

Kisha fanya lile ambalo karibu kila mwongozo huliacha, vuka Barabara ya Benjamin Mkapa uingie Ng'ambo. Huko ndiko waliko watu wengi wa mji huu, ndiko walikokuwa hata zama za masultani: watumwa walioachwa huru, wachukuzi, wavuvi, waimbaji. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, aliishi na kuimba upande huu. Tembea hadi Michenzani utazame maghorofa marefu yaliyonyooshwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, jibu la serikali mpya kwa nyumba za mawe za upande wa pili. Kuna wanaoyaona mabaya. Yatazame na nguo zilizoanikwa kwenye veranda zake, maduka ya chini, wanafunzi wakitoka chuoni, ndipo uamue. Daladala za kurudi ni za kumwaga na urojo wa huku ni wa bei nafuu zaidi.

Haluwa nunua siku ya kuondoka, uionje kwanza. Nzuri haishiki meno. Bandarini uwe umefika saa moja kabla, na hamali umtajie bei kabla hajagusa begi. Kama unaendelea kwenda mkoani, tiketi ya basi kata ya kesho yake. Bahari ya kusi huchelewesha boti, na kutoka bandarini Dar hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, kwenye foleni ya jioni, ni safari nyingine kamili.